Maksi 9 kwa moyo uliosimama

Mwaka wa pili wa chuo tulikuwa vikundi vinane, kila kikundi na chura wake. Praktiko ilihusu namna neva zinavyouendesha moyo. Unampokea chura ambaye ubongo wake umekwisha kuharibiwa, unafungua kifua, unafunga uzi kwenye ncha ya moyo na kuuunganisha na kalamu inayochora juu ya ngoma inayozunguka, iliyofungwa karatasi yenye masizi. Ukidondosha asetilikolini, mapigo yapungue. Ukidondosha adrenalini, yapande. Mwongozo uliyasema hayo ukurasa wa kwanza, kabla hata ya kutaja vifaa.

Kwetu moyo ulianza kulegea kabla hatujadondosha kitu. Tuliuosha kwa maji ya Ringer, ule myeyusho wa chumvi unaoufanya moyo uendelee kupiga nje ya mwili, kama tulivyoelekezwa, ukalegea zaidi. Meza mbili tatu za jirani zilikuwa na shida ileile. Baada ya robo saa hivi moyo ukasimama, na anayesimamia akatuambia tuandike yanayotakiwa kwa kuwa muda umekwisha. Jioni tukapata desa la mwaka wa tatu. Mchoro tukaunakili, namba tukazisogeza kidogo zisifanane, ripoti ikarudi na maksi 17 kati ya 20. Meza ya pili kutoka kwetu waliandika kilichotokea: moyo ulisimama dakika ya 14, dawa bado haijaguswa, na kwenye chupa kuna kitu cheupe kimetuama kama chokaa, je, yawezekana myeyusho una kasoro? Wakapata 9. Pembeni kwa kalamu nyekundu: "Matokeo si sahihi."

Siku hizi nami nakaa upande wa pili wa meza, nafundisha praktiko za neva na ubongo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kila nikisahihisha ripoti naikumbuka ile kalamu nyekundu. Wale wa maksi 9 walikuwa sahihi. Kloridi ya kalsiamu ya maji ya Ringer ikichanganywa na bikaboneti yake kabla ya kuongezwa maji ya kutosha, kalsiamu hushikana na kabonati na kutuama chini. Kinachobaki juu ni maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu ya kutosha, na moyo wa chura haupigi bila kalsiamu.

Namna dunia ilivyolijua jambo hilo ni somo zima. Sydney Ringer alikuwa daktari London. Mwaka 1882 aliandika kwamba moyo wa chura hupiga vizuri ndani ya maji yenye chumvi fulani, na orodha yake haikuwa na kalsiamu. Baadaye akagundua kwamba myeyusho wake haukutengenezwa kwa maji safi yaliyokenekwa bali kwa maji ya bomba ya jiji, na maji ya bomba ya London yana kalsiamu tele. Alipotumia maji yaliyokenekwa moyo ulidhoofika upesi. Alipotia kalsiamu, ukarudi kupiga. Mwaka 1883 alichapisha marekebisho, akaeleza wazi kwamba taarifa yake ya kwanza ilikuwa na kasoro na kasoro yenyewe ilitoka wapi. Dripu ya Ringer inayoning'inia juu ya vitanda katika hospitali zetu imebeba jina la mtu aliyeandika kwamba moyo ulisimama. Kwa kalamu nyekundu ya chuo changu, Ringer angepata 9.

Mazungumzo kuhusu praktiko vyuoni kwetu huanzia kwenye vifaa na kuishia hukohuko. Hadubini hazitoshi, kemikali zimepitwa na tarehe, mashine ya kurekodi ni moja na ilikufa miaka iliyopita. Yote ni kweli na nimeyaishi. Lakini praktiko nyingi nilizoziona zilikufa kabla ya vifaa kufa. Zilikufa siku tulipoamua kwamba jibu limeshajulikana na kazi ya mwanafunzi ni kulifikia. Mwanafunzi si mjinga. Akiona maksi zinafuata jibu badala ya kazi, atalitafuta jibu kwa njia ya mkato, na njia ya mkato ni desa. Kupika data ni ustadi tunaoufundisha sisi wenyewe, kila wiki, kwa maksi.

Wanaotetea praktiko hupenda kutaja uchambuzi wa mwaka 2014 ulioongozwa na Scott Freeman huko Marekani. Ulikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu, ukaonyesha kwamba wanafunzi wanaofundishwa kwa mhadhara mtupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wale wanaoshughulishwa darasani. Hoja nzuri, ila inahusu kushughulisha akili, na mtu anaweza kukaa maabara saa tatu nzima akili yake ikiwa imelala. Mwaka 2017 Natasha Holmes, Carl Wieman na wenzao walichapisha uchunguzi wa kozi 9 za fizikia katika vyuo vitatu, wanafunzi karibu 3,000. Maabara za kozi hizo zilikuwa za hiari na zilikusudiwa kuimarisha yaliyofundishwa darasani. Walilinganisha waliozichukua na wasiozichukua, wakitazama maswali ya mtihani yaliyohusu mambo ya maabara. Faida waliyoiona ilikuwa karibu na sifuri.

Najua ile ilikuwa fizikia, si neva. Lakini ukiusoma muundo wa maabara zile unauona mwongozo wetu wa moyo wa chura: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, jibu. Wieman, ambaye alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2001, hasemi maabara zifungwe. Yeye na Holmes wanasema mwanafunzi apewe maamuzi ya kufanya. Apime nini, mara ngapi, alinganishe na nini, na akiona kitu cha ajabu afanye nini. Nami naona hapo ndipo somo la neva linapotuwia rahisi kuliko masomo mengi, kwa sababu linaweza kufanywa na mende.

Chukua mende mmoja mkubwa mwekundu, yule wa kwenye makaro. Mtie kwenye maji ya barafu dakika chache hadi atulie kabisa. Kata mguu mmoja karibu na kiwiliwili, uweke juu ya kipande cha koki, uchome pini mbili nyembamba, moja sehemu ya juu ya mguu na nyingine paja. Pini ziunganishwe na amplifaya ndogo yenye spika. Washa. Utasikia mvua ikianza juu ya bati, tone moja moja. Sasa chukua kijiti cha meno na uguse mwiba mmoja kwenye mguu, mvua inakuwa kubwa. Kila mwiba una seli ya neva chini yake, na kila tone unalolisikia ni mpigo mmoja wa umeme unaodumu milisekunde moja au mbili tu. Mwanafunzi aliyekariri sodiamu inaingia na potasiamu inatoka, akachora ule mchoro maarufu wa mpigo kwenye karatasi ya mtihani mara kumi, anausikia mpigo wenyewe kwa mara ya kwanza. Nimeshaona nyuso hizo. Chumba kinanyamaza.

Amplifaya hiyo waliibuni Greg Gage na Tim Marzullo wakiwa wanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan, wakaanzisha kampuni ya Backyard Brains mwaka 2009 na kukieleza kifaa chao kwenye makala ya kisayansi mwaka 2012. Bei yake wakati huo ilikuwa karibu dola 100, lakini la maana zaidi ni kwamba michoro ya sakiti iko wazi kwa yeyote. Chipu chache, betri ya volti 9, spika ndogo. Fundi redio mzuri hahitaji kuagiza chochote Ulaya. Darasa la wanafunzi 120 katika vikundi vya wanne linahitaji 30. Fedha zinazonunua mashine moja ya kurekodi ya kisasa, ambayo hufungiwa ofisini isije ikaharibika, hukaribia kuzinunua zote.

Na jambo lenyewe si la kitoto. Mwaka 1926, Cambridge, Edgar Adrian na Yngve Zotterman walirekodi neva moja moja kutoka kwenye msuli wa chura walioutundikia uzito. Uzito ukiongezwa, mipigo haikuwa mikubwa zaidi. Ilikuja kwa kasi zaidi. Uzito ukiachwa hapohapo, kasi ilishuka polepole ingawa uzito haukupungua. Neva haipazi sauti, inahesabu. Na jambo likikaa bila kubadilika, inaanza kulizoea. Adrian alishiriki Nobeli ya mwaka 1932 na Charles Sherrington. Mambo yote mawili mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuyatafuta kwenye mguu wa mende kwa mchana mmoja, mradi usimwambie kwanza. Mwulize tu: ukigandamiza kwa nguvu zaidi, mguu utasemaje? Mwache aamue "nguvu zaidi" ataipimaje. Hapo ndipo kikundi kimoja kitagandamiza kwa hisia, kingine kitatundika vipande vya karatasi vyenye uzito unaojulikana, na mjadala wao utakufundisha nani anafikiri.

Kisha kuna ule mngurumo. Umeme wetu wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na amplifaya inayoweza kusikia neva ya mende inausikia na umeme huo pia. Unatoka kwenye taa ya tyubu, kwenye chaja ya simu iliyo mezani, kwenye waya unaopita ukutani. Kikundi kinaweza kurekodi dakika tano za mngurumo na kuripoti kwa furaha kwamba neva ya mende hupiga mara 50 kwa sekunde bila kuchoka. Wengi wetu tulizoea kuwaonya mapema. Mimi siku hizi sionyi. Nangoja waniambie namba hiyo, halafu nauliza: mguu ukiondolewa, pini zikabaki, namba inakuwaje? Wakishajua wenyewe kwamba walikuwa wakisikiliza ukuta, hawatakuja kuamini mashine yoyote bila kuiuliza, iwe ya kupima mawimbi ya ubongo wa mgonjwa wa kifafa au nyingine. Adrian naye alipata yake. Aliweka elektrodi kwenye neva ya jicho la chura katika chumba chenye giza kiasi, akawa anasikia kelele zinakuja na kwenda kwenye spika, hadi alipotambua kwamba zinafuata mwendo wake mwenyewe chumbani. Jicho lilikuwa linamwona.

Kuna swali la mende ambalo ni letu zaidi, na nashangaa halimo kwenye miongozo yetu. Pareto inalimwa nyanda za juu za Mbeya na Iringa, na kule Molo upande wa Kenya, nchi iliyowahi kuongoza dunia kwa zao hilo. Sumu iliyo kwenye ua lake hufanya kazi kwenye neva. Kwenye utando wa seli kuna milango ya sodiamu inayofunguka na kufungwa haraka sana ili kutengeneza mpigo; sumu ya pareto huizuia isifunge, neva ikabaki inarudia mipigo hovyo hadi mdudu anapooza. Dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu hiyo ndizo zilizo kwenye makopo ya kupulizia na kwenye vyandarua vyetu vyenye dawa. Na mbu wameshaanza kujibu: aina mojawapo ya usugu wao ni badiliko dogo kwenye jeni ya mlango huohuo wa sodiamu, na sura ya badiliko hilo iliyozoeleka kwetu Afrika Mashariki ilitambuliwa kwa mbu wa Kenya, kwenye taarifa ya mwaka 2000. Mwanafunzi wa Mbeya hufundishwa mlango wa sodiamu kwa picha ya ngisi. Ngisi anastahili heshima yake, kwani ni kwenye neva yake nene ndipo wanasayansi Hodgkin na Huxley walipofanya kazi ya kueleza mpigo wa neva waliyoichapisha mwaka 1952, Huxley akikokotoa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Lakini ua la pareto liko shambani kwa mama yake huyo mwanafunzi.

Hapa msomaji atasema: sawa, hata dola 100 hatuna. Basi tusimamishe wanafunzi.

Simamisha 30 kwenye mduara, wafumbe macho, kila mmoja ashike bega la aliye mbele yake. Wa kwanza anabonyeza bega na kuwasha saa ya simu kwa mkono wa pili; kila anayebonywa anambonyeza anayefuata; mbonyezo ukirudi kwa wa kwanza anazima saa. Rudia, safari hii kila mtu akishika kifundo cha mguu cha mwenzake. Njia ya kutoka kifundoni hadi ubongoni ni ndefu kuliko ya kutoka begani, kwa kukisia mita moja. Ikiwa neva inapeleka habari kwa mita 50 kwa sekunde, kila mtu atachelewa sekunde 0.02 zaidi, na watu 30 watachelewa 0.6. Saa ya simu inaiona tofauti hiyo. Hermann von Helmholtz, miaka ya 1850, aliwagusa watu kwenye ngozi mahali pa karibu na ubongo na mahali pa mbali kwa lengo hilohilo, baada ya kupima neva ya chura na kupata kasi ya kama mita 27 kwa sekunde. Mwalimu wake Johannes Müller alikuwa ameandika kwamba kasi hiyo pengine haitapimika kamwe.

Sasa sikiliza kinachotokea darasani. Mzunguko wa kwanza watu hucheka, hushtuka, huchelewa. Tuseme sekunde 9. Kadiri wanavyorudia wanazoea, na mara ya tano au ya sita wamefika 7. Mazoea peke yake yamekula sekunde 2, na unachokitafuta ni 0.6. Kikundi kilichoanza na bega na kumalizia na kifundo kitakuta kwamba habari kutoka mbali imefika mapema kuliko ya karibu. Ukigawanya, unapata kasi hasi. Neva inayopeleka habari kabla haijaguswa!

Hapo ndipo unapochagua wewe ni mwalimu wa namna gani. Ukiwa na kalamu nyekundu, kikundi kitaipika namba hadi ifike 50, kwa kuwa 50 imo kitabuni. Ukiwa umewaambia kwamba maksi ziko kwenye kueleza, watu watabaki kwenye ile namba hasi kama walioibiwa, na mmoja atasema: tumezoea mchezo. Mwingine atasema tupishanishe, bega, kifundo, bega, kifundo. Wa tatu atasema tufanye mazoezi kwanza mara kumi bila kupima. Mchana huo umefundisha muundo wa jaribio kuliko muhula mzima wa takwimu, na gharama yake ni nafasi ya kusimama. (Kina dada waliovaa hijabu wapange mduara wao wenyewe kama wakipenda, jambo dogo, lakini usipolitaja mapema nusu ya darasa haitashiriki na hutajua kwa nini.)

Wapo wenzangu wanaosema kompyuta imemaliza mjadala huu. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, programu za kuiga neva ziliokoa muhula mahali pengi, na bado nazitumia. Kufunga mlango mmoja wa sodiamu na kuacha mingine, kubadilisha joto, kuona mkondo wa kila ioni peke yake: haya mguu wa mende hautakuonyesha. Lakini kwenye programu neva haikauki. Pini haichomoki. Ukuta haungurumi mara 50 kwa sekunde. Programu imetengenezwa na mtu anayelijua jibu, kwa hiyo ndani yake jibu daima lipo, na mwanafunzi analisikia harufu. Mimi huiweka baada ya mende, si badala yake.

Suala la uhai wa viumbe nalichukulia kwa uzito zaidi ya hilo. Nilichukia kuharibiwa kwa ubongo wa chura na bado nachukia, na naona hakuna haja ya darasa la shahada ya kwanza kuua chura 30 kila mwaka ili kuthibitisha jambo ambalo mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura, kwamba neva huuendesha moyo kwa kemikali. Hata huyo Loewi, wenzake kadhaa walishindwa kulirudia jaribio lake mwanzoni, na mwaka 1926 alilazimika kulifanya mbele ya wanasayansi wenzake Stockholm. Kumbe tunawanyima maksi watoto wa miaka 20 kwa kushindwa jambo lililowashinda maprofesa. Mende ni nafuu kimaadili kuliko chura, lakini si bure. Darasani kwangu hakuna anayechukua mende bila kuandika kwanza anahitaji wangapi na kwa nini hao na si pungufu. Baridi ni lazima, na haraka hairuhusiwi.

Kinachobaki ni kusahihisha, na hapa sina maneno mengi kwa sababu dawa yake ni rahisi ingawa hainywewi. Data ghafi ziandikwe kwa kalamu ya wino kwenye daftari la maabara, na ukurasa usainiwe na fundi sanifu kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni. Ripoti isipewe maksi hata moja kwa kufanana na kitabu. Praktiko moja igawanywe vipindi viwili, cha kwanza kuharibu na cha pili kurekebisha. Ni afadhali praktiko tano za namna hiyo kuliko kumi na mbili za kukimbizana. Fundi sanifu aingie kwenye kupanga, maana yeye ndiye anayejua chupa ipi ilichanganywa lini. Katika vyuo vyetu mtu huyu haulizwi kitu. Yule wa siku ya moyo wa chura, kama angeulizwa, huenda angesema palepale kwamba myeyusho ulikuwa na mawingu.

Wakaguzi wa ubora watalalamika kwamba praktiko zimepungua idadi. Wazazi hawatalalamika. Wanafunzi watalalamika sana wiki tatu za mwanzo, maana wengi walifika chuo kwa kupata majibu sahihi, na unapowaambia jibu sahihi halipo unawanyang'anya silaha waliyoizoea tangu darasa la saba. Nawaelewa. Niliwahi kushika 17 yangu mkononi nikafurahi.

Na haya si ndoto za kutoka mbali. Mwaka 2011 Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf walianzisha shirika la TReND in Africa kwa kozi ya neva za inzi wadogo wa matunda, kwenye kampasi ya Kampala International University iliyoko Ishaka, Bushenyi. Inzi hao hufugwa kwenye chupa, kwa unga na sukari. Kundi hilohilo limekuwa likisukuma vifaa vya maabara vya kuchapishwa na kuunganishwa na watumiaji wenyewe. Dar es Salaam, karakana ya ubunifu ya STICLab imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Bath na Taasisi ya Afya Ifakara kwenye hadubini ya OpenFlexure, ambayo sehemu zake huchapishwa kwa plastiki hapahapa. Ukiitengeneza hadubini mwenyewe huogopi kuifungua ikiharibika.

Muhula uliopita kikundi kimoja kiliamua kuijaribu pareto. Sumu yake haiyeyuki vizuri kwenye maji, wakaloweka maua yaliyosagwa kwenye spiriti, wakadondosha tone moja kwenye mguu wa mende. Walitarajia mvua ya gharika. Mguu ulinyamaza. Wakadondosha kwenye mguu wa pili, nao ukanyamaza. Walinifuata wakiwa wamekata tamaa, daftari wazi, saini ya fundi pembeni, na binti mmoja akauliza kama ruhusa ipo ya kudondosha spiriti tupu, isiyo na ua lolote, kwenye mguu mwingine. Nilimwambia ruhusa ipo. Mguu ukanyamaza vilevile. Walitazamana, wakaanza kubishana kwa sauti kubwa kuhusu kupunguza spiriti hadi wapi na kulinganisha na nini, halafu wakaja kuomba mende watatu zaidi. Nikawaambia waandike kwanza kwa nini watatu.